Meno Arobaini na Tatu

Gereji ile ilikuwa na mstari. Ulikuwa wa rangi nyeupe, upana wa vidole vinne, umekatiza sakafu kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, na aliyeuchora alikuwa na hasira, maana ulipofika kwenye shimo la mafundi ulipinda kama mtu aliyejikwaa. Ndani ya mstari ilikuwa himaya ya kaka mkubwa. Nje yake, upande wa mlango, ilikuwa himaya ya mdogo wake. Gari likiingia, pua inakuwa ya mmoja na mkia unakuwa wa mwingine. Kaka mkubwa, kwa kuwa aliapa kutokanyaga ardhi ya adui, aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, akizunguka tangi la maji na kuinama chini ya kamba ya nguo za jirani. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, kila asubuhi anapigwa usoni na soksi mbichi, lakini mlango wa mbele hautaki.

Wateja walimwita Taratibu. Nati moja huikaza, akaifikiria, akaikaza tena. Mdogo wake walimwita Chapuchapu, kwa sababu aliweza kufungua gurudumu kabla mwenye gari hajamaliza kueleza shida, na mara nyingine shida yenyewe haikuwa kwenye gurudumu. Katikati yao, kwenye dirisha la stoo ya vipuri ambalo mstari ulipita chini yake hasa, alikaa dada yao, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa siku ya kuzaliwa, lakini siku hizi mtaa mzima ulimwita Posta.

Ndugu wale walikuwa na miezi saba hawajasemezana. Si kwamba walinyamaza. Waliongea sana, tena kwa sauti, ila kila neno lilipita kwa Posta kwanza.

"Posta," Chapuchapu angesema, naye amesimama hatua tatu tu kutoka kwa kaka yake, "mwambie huyo mtu wa ndani alete jeki."

Posta angegeuza kichwa upande wa pili. "Kaka, mdogo wako anakusalimu, anauliza umeamkaje, na anaomba jeki ukimaliza nayo."

"Mwambie nina masikio. Hakuna salamu humo."

Posta angegeuza kichwa tena. "Anasema ameamka salama, na jeki hii hapa, karibu sana."

Mjumbe hauawi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mjumbe hachoki. Miezi ya kwanza Posta aliona raha. Alitia chumvi, akatia sukari, akawaombea radhi ambazo hakuna aliyeziomba. Mwezi wa saba shingo ilikuwa inamuuma, na akilala aliota anapokea ujumbe kutoka kwa mto na kuupeleka kwa shuka.

Na chanzo cha yote haya ni nini? Spana. Spana namba kumi na tisa, ya marehemu baba yao, yenye alama ya msumeno kwenye mpini. Siku moja ilipotea. Taratibu akasema Chapuchapu hutupa vifaa ovyo. Chapuchapu akasema Taratibu huficha vifaa kama kuku anayeficha mayai. Mmoja akasema hata baba alijua wewe huna mikono ya ufundi. Mwingine akasema hata baba alikufa akisubiri umalize kufunga breki. Hapo tena ndugu hawaongei, na jioni hiyo kopo la rangi likanunuliwa.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo Posta hakumwambia mtu. Wiki mbili baada ya mstari kuchorwa, alikuwa anafagia chumba chake. Dirisha la chumba kile lilikuwa na bawaba mbovu. Usipoliwekea kitu hujifunga kwa kishindo. Akainua macho kuangalia kitu alichokuwa ameliwekea siku ya joto kali, akakiona. Kilikuwa cha chuma, kirefu, chenye alama ya msumeno kwenye mpini.

Posta alikaa kitandani na fagio lake. Ingekuwa siku ya kwanza, angesema, wangemgombeza, wangecheka, yangeisha. Lakini baada ya wiki mbili za matusi hadi marehemu kaingizwa? Angeanzia wapi? Akairudisha spana pale pale dirishani, akamalizia kufagia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo hakumtafuta wa kumpa pole.

Mambo yangeendelea hivyo hadi wote watatu wazeeke, kama si barua. Kampuni moja ya ujenzi wa barabara, mwendo wa saa sita kwa basi, ilimtaka Posta awe msimamizi wa stoo yake ya vipuri: rafu hadi darini, watu wanne chini yake, dawati lenye droo za kufunga. Aripoti Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi. Asipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Posta aliisoma barua mara tisa. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na hajawahi kulala usiku mmoja mahali ambapo yeye si mdogo wa mtu. Aliitaka kazi ile.

Alimpelekea mama barua. Mama yao alikuwa na magoti mabovu na akili nzima.

"Nenda, mwanangu," mama alisema. "Nafasi kama hii haiji mara mbili. Ila niahidi kitu. Hutatoka mpaka hao wawili wasemezane kwa midomo yao, na wewe mwenyewe usikie kwa masikio yako. Ukiwaacha hivi, gereji itafungwa, na mimi nitabaki na majitu mawili yanakuja kula kwangu kwa zamu."

"Naahidi, mama," Posta alisema, kwa sababu alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huahidi chochote. Alipofika mlangoni ndipo alipojua ameahidi nini. Na akamsikia mama nyuma yake anampigia jirani kumweleza habari zote, maana siri kwa mama yule ilikuwa maji kwenye chujio.

Zilikuwa zimebaki siku saba wakati gari la mpima ardhi lilipoingia.

Mpima ardhi alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Gari lake lilikuwa la kupanda milima, refu, la bati zito, na alikuwa amelivisha matairi makubwa ya matope bila kumuuliza mtu. Ekseli zilizozoea viatu vidogo zikaanza kukatika.

"Mara ya kwanza nilivutwa na trekta," alisema. "Mara ya pili hapakuwa na trekta. Nilishuka mlima kwa miguu, mashine ya kupimia kichwani, na mbuzi wananicheka. Sitaki tena. Nitieni shafti nene mbele na nyuma, difu nipeni gia za kuyaweza matairi haya, na loki kote kuwili. Jumamosi saa tatu nakuja kulichukua."

Kwa wasiojua mambo haya, tusiachane njiani. Katikati ya ekseli, ile nguzo ya chuma yenye shafti ndani inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kuna bakuli la chuma linaloitwa difu. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kila moja kwa mwendo wake, maana gari likikata kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Barabarani huo ni wema. Kwenye matope wema huo unageuka ujinga: gurudumu lililokosa pa kushika linazunguka bure, na mwenzake aliyesimama pazuri analala. Loki huyafunga yote mawili yawe kitu kimoja. Unabonyeza swichi, upepo unasukuma pini ndani ya difu, na tangu hapo likizunguka hili, na lile lazima.

Lipo jingine. Ndani ya difu kuna gia mbili, krauni kubwa na pinioni ndogo, na hesabu ya meno yake mbele na nyuma lazima ilingane. Isipolingana, siku ukiingiza magurudumu yote manne yavute kwa pamoja kwenye ardhi ngumu, mbele inataka mwendo wake na nyuma inataka wake. Gari linaguna, linajikaza, linagombana lenyewe kwa lenyewe mpaka lisimame.

Posta alikuwa anaandika oda alipofika hapo katika mawazo yake. Kalamu ikasimama. Akatazama nje ya dirisha la stoo. Kushoto, Taratibu alikuwa anafungua gurudumu la mbele, anafikiri. Kulia, Chapuchapu alikuwa amekwisha kufungua yote mawili ya nyuma. Kila mmoja na ekseli yake, na mstari katikati.

Akatabasamu tabasamu ambalo mama yake angeliona, angemficha watoto wa jirani.

Difu za zamani zilikuwa na krauni ya meno arobaini na moja kwa pinioni ya meno kumi. Matairi makubwa yalitaka arobaini na tatu kwa kumi. Posta aliagiza seti tatu: mbili za arobaini na tatu, moja ya arobaini na moja. Ukiziweka mezani huoni tofauti kwa macho. Meno mawili katika duara zima ni kitu gani? Hesabu imegongwa kwa herufi ndogo usoni mwa krauni, lakini kila fundi ataisoma yake tu. Ya mwenzake ataijulia wapi, na hawaongei?

"Kaka," alimwambia Taratibu akimkabidhi boksi, "za mbele ni arobaini na tatu kwa kumi."

"Sawa."

Akavuka kwenda upande wa mlango. "Kaka, za nyuma ni arobaini na moja kwa kumi. Kama zilizotoka."

Chapuchapu alipokea boksi. Akalitazama zaidi kidogo ya kawaida yake, yaani akalitazama. "Arobaini na moja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya."

Seti ya tatu, ile sahihi ya nyuma, Posta aliitia ndani ya boksi la filta za hewa na kulisukuma chini kabisa ya rafu. Hakuwa mwovu. Mpango ulikuwa hivi: Jumamosi asubuhi, kabla mpima ardhi hajafika, gari linajaribiwa uwanjani. Linakwenda hatua kumi, linaguna, linakataa. Hapo kila mmoja atataka kujua mwenzake ameweka meno gani, na Posta asubuhi hiyo atakuwa amepotewa na sauti. Hana neno. Kikohozi alikuwa amekwisha kukifanyia mazoezi. Watalazimika kuulizana wenyewe, watatukanana, sawa, lakini matusi nayo ni maneno, na mama hakusema lazima yawe matamu. Kisha boksi la filta linatokea, gia zinabadilishwa, kila mtu anapona.

Wiki ikaenda. Taratibu alifunga pinioni yake, akapaka rangi meno ya krauni kuona yanavyogusana, akafungua yote, akaongeza washa, pete ya bati nyembamba kuliko ukucha, akafunga tena. Mara tatu. Chapuchapu alipiga mluzi. Kila mchana Posta alikwenda kumpelekea mama chakula, saa nzima kwenda na kurudi. Siku ya Jumatano aliporudi alikuta vigoda viwili vimesimama juu ya mstari, kimoja kinatazamana na kingine.

"Nani alikuwa hapa?" aliuliza.

"Wateja," walisema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Posta alivirudisha vigoda mahali pake na kurudi stoo kuhesabu siku zilizobaki.

Jumamosi alifika saa moja, skafu ya sufu imezungushwa shingoni mara mbili na jua tayari linachoma. Aliwaonyesha koo, akatikisa kichwa, akakohoa kile kikohozi. Taratibu alimtazama.

"Pole, mdogo wangu," alisema. Kulikuwa na kitu kwenye pembe za macho yake, lakini Posta alikuwa kazini na hakukitilia maanani.

Gari likatolewa uwanjani. Chapuchapu kwenye usukani, Posta kando yake, Taratibu amesimama mbele akitazama magurudumu. Posta akamwonyesha Chapuchapu wenzo wa gia: ingiza yote manne. Chapuchapu akaingiza. Posta akafumba macho na kushika ubao wa mbele kwa mikono miwili.

Gari likaenda. Hatua kumi. Ishirini. Likazunguka uwanja wote, likakata kona kwenye nguzo ya umeme, likarudi. Halikuguna. Chapuchapu akabonyeza loki ya nyuma, upepo ukafanya *pshhh*, akabonyeza ya mbele, *pshhh*, akalielekeza kwenye lundo la kifusi pembeni ya ukuta. Gurudumu moja likaning'inia hewani, na gari likapanda hivyo hivyo, taratibu, kama bibi anayepanda ngazi za hospitali. Likasimama juu ya kifusi, likashuka upande wa pili.

"Safi," Chapuchapu alisema, akimwambia usukani.

Posta alifumbua macho. Roho ilimshuka hadi kwenye viatu. Leo ni Jumamosi, kesho Jumapili, keshokutwa saa mbili asubuhi mtu mwingine atakaa kwenye dawati lenye droo za kufunga. Na gari la watu linatembea vizuri, jambo ambalo fundi yeyote angemshukuru Mungu, na yeye anataka kulia.

Kisha akili yake ya stoo ikaamka. Haiwezekani. Alitoa arobaini na tatu mbele, arobaini na moja nyuma, kwa mikono yake hii. Gari la namna hiyo haliwezi kuzunguka uwanja mkavu bila kulalamika.

Akaashiria gari lirudishwe ndani na kuwekwa juu ya stendi. Ukaguzi wa mwisho, alionyesha kwa vidole. Ndugu wakainua, mmoja mbele, mmoja nyuma. Posta akachukua chaki, akajilaza chini, akachora alama kwenye propela ya mbele, ile shafti ndefu inayoizungusha difu, akawasha loki, akaanza kulizungusha gurudumu kwa mguu. Hesabu yake ni rahisi: likizunguka mara kumi kamili, propela inazunguka mara nyingi kama meno ya krauni. Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu. Sawa, hiyo ni ya Taratibu. Akatambaa hadi nyuma. Alama, loki, mguu. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja. Gurudumu lilikuwa bado halijamaliza mzunguko wa kumi. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.

Akahesabu tena. Arobaini na tatu.

Alibaki pale sakafuni, mgongo wake juu ya mstari mweupe, akitazama tumbo la gari. Ili Chapuchapu ajue kwamba arobaini na moja ni kosa, lazima ajue mbele kumewekwa ngapi. Na ili ajue mbele kumewekwa ngapi, lazima aambiwe. Na mtu pekee wa kumwambia ni yule wa ndani ya mstari.

Posta aliinuka, akaingia stoo, akavuta boksi la filta kutoka chini ya rafu. Lilikuwa zito vile vile. Akalifungua. Ndani kulikuwa na krauni na pinioni, zimepakwa grisi vizuri, hazijaguswa: arobaini na moja kwa kumi. Na juu yake, imelazwa kama mtoto kwenye kitanda, spana namba kumi na tisa yenye alama ya msumeno kwenye mpini.

"Nyinyi!" Posta alipiga kelele, sauti ikatoka nzima, skafu ikaanguka. "Nyinyi mashetani wawili!"

Nje ya dirisha, Taratibu aligeuka. Akamtazama mdogo wake, uso kwa uso.

"Sauti imerudi," alisema.

"Imerudi, kaka," Chapuchapu akajibu. "Tena na nyongeza."

Halafu wakacheka. Chapuchapu alishika bampa la gari asianguke. Taratibu, mtu wa kufikiria kila kitu, alikaa chini sakafuni bila kufikiria, upande usio wake, akapiga paja mpaka mvi za ndevu zikatingishika. Posta alisimama na spana mkononi. Alitaka kumpiga mmoja nayo lakini hakuweza kuchagua.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miezi miwili," Chapuchapu alisema akifuta machozi. "Uliniita nikutengenezee bawaba ya dirisha. Nikafika, nikafungua dirisha, nikasema, hii spana naijua! Nikaiacha pale pale, nikamfuata kaka nyuma ya tangi la maji."

"Alinikuta na soksi usoni," Taratibu alisema. "Akanieleza. Nilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna msiba gani."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Chapuchapu akamalizia. "Tukasema, haya, kwa kuwa ni yeye aliyetutia kwenye posta, abebe barua kidogo. Wiki moja tu. Lakini ulikuwa unazipamba vizuri mno, dada. Kaka alikuwa anasubiri kwa hamu aone leo nimemwombaje radhi."

"Na mchana mlikuwa mnakaa kwenye vigoda mnapiga soga."

"Kila siku."

"Na zile gia?"

"Jumanne niliisoma krauni yangu," Chapuchapu alisema. "Mchana nikamwambia kaka, Posta kanipa arobaini na moja. Akasema, mimi kanipa arobaini na tatu. Tukatazamana. Tukaingia stoo. Filta gani ya hewa ina uzito wa mbuzi? Tukazibadilisha, na jana nikaifuata spana dirishani kwako."

"Siku za mwizi ni arobaini," Taratibu alisema. "Wewe ulituletea na moja ya ziada."

Posta alitaka kuendelea kukasirika lakini kitu kilimzuia, hesabu nyingine ambayo haikukubali kufunga. Barua ya kampuni ilikuwa na wiki tatu. Mama alikuwa amemwambia jirani, na jirani humwambia kila mtu.

"Mlijua kuhusu kazi," alisema polepole. "Mlijua nilichomwahidi mama. Mngesemezana siku ile ile, ningekuwa nimefunga mizigo."

Kicheko kikaisha. Chapuchapu akaanza kukagua kucha zake. Taratibu aliinuka, akajipangusa suruali, akakaza kwa vidole nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Tulijua," alisema. "Tukasema tukinyamaza, hutaondoka. Ndiyo. Lilikuwa jambo baya na tulilifanya. Mimi ndiye niliyelianzisha."

"Tulilianzisha wote," Chapuchapu alisema.

"Halafu nikaona lile boksi," Taratibu aliendelea. "Miaka kumi na moja umekaa dirishani hapo, hujawahi kutoa hata boliti moja isiyo yake. Usiku mvua inanyesha, mteja anapiga simu, unajua washa iko rafu gani. Mtu kama huyo anatoa gia mbovu kwa makusudi? Nikamwambia huyu, basi. Dada yetu anataka kwenda kweli. Tumfungulie loki."

Skafu ilikuwa sakafuni na Posta alihitaji kitu cha kufutia uso, akatumia kitambaa cha grisi, ikawa hasara juu ya hasara. Alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja na hakujua amshukuru nani.

Mpima ardhi alifika saa tatu kamili. Aliwakuta ndugu wawili wanabishana kwa sauti nani ampe funguo na nani amweleze swichi za loki, kila mmoja akimvuta mwenzake mkono, na dada yao ana masharubu meusi ya grisi.

"Kumbe mnaongea!" alisema kwa ile sauti ya ng'ambo ya bonde. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi nachukua gari langu." Akapanda, akabonyeza swichi zote mbili kwa furaha, akatoka getini kwa mstari ulionyooka kabisa, kwa sababu gari lililofungwa loki mbele na nyuma halitaki kukata kona. Walimkimbilia wote watatu wakipiga kelele azizime, na nguzo ya umeme ikapona kwa upana wa kiganja.

Alfajiri ya Jumapili walimpeleka stendi ya basi kwa pikapu ya gereji. Walikaa watatu mbele, Posta katikati, magoti kila upande wa wenzo wa gia. Walibishana tangu getini. Taratibu alisema pita sokoni, Chapuchapu alisema sokoni kuna foleni. Taratibu alisema unaendesha kama unafukuzwa, Chapuchapu alisema wewe ukiendesha konokono anapiga honi. Miezi saba Posta alimwomba Mungu watu hawa waongee. Sasa aliomba wanyamaze angalau mpaka mzunguko wa barabara.

Basi lilikuwa limewasha injini. Begi likapakiwa, tikiti ikakaguliwa, na ghafla hapakuwa na la kubishania. Chapuchapu alitazama matairi ya basi. Taratibu alitazama mbali, akakohoa, akakohoa tena. Kondakta akapiga bati.

Taratibu akatia mkono kwenye koti lake kuukuu, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa safi, akampa Chapuchapu.

"Mwambie dada yako," alisema, "huko nako madirisha yapo."

Chapuchapu aligeuka. Posta alikuwa amesimama mbele yao, hatua moja tu.

"Dada," alisema, akimkabidhi spana ya baba. "Kaka anasema huko nako madirisha yapo. Anasema ule vizuri. Anasema gereji itakuwa kubwa mno bila wewe."

"Hayo ya mwisho sikuyasema," Taratibu alisema.

Posta aliikumbatia spana kifuani pamoja na kitambaa chake.

"Mwambie nimesikia," alisema.